Sahani Zilizorudi Tupu

Nyie mliobaki pale jikoni mmenituma niandike, mnasema nikifa hakuna atakayejua kwa nini jiko la tatu linavutia moshi ndani. Jibu la hilo ni fupi: fundi alikuwa amelewa rubisi. Mengine ni marefu kidogo. Mimi shule niliishia darasa la pili, nikaongezea kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mkikuta sentensi imelala katikati ya njia msihangaike kuiamsha. Izungukeni kama mnavyomzunguka ng'ombe.

Niliingia kazini mwaka ule wa Uhuru, katika kituo cha afya upande wetu huu wa Muleba. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe, maana aliyeniita alisema tu, "Ta Deo, kuna kazi kwa wagonjwa." Nilidhani nitapewa sindano. Nikapewa kisu na mkungu wa ndizi.

Nyie vijana hamjui hiyo ilikuwa aibu ya namna gani. Baba yangu alikufa hajui chungu cha mama kina rangi gani kwa ndani. Mwanaume wa Kihaya kumenya ndizi mbele ya watu ni jambo la kwenda kuungama. Akina mama waliokuja kuuguza wakajaa dirishani kuangalia. Mmoja akaniuliza kwa heshima zote, "Waitu, na kunyonyesha unaanza lini?"

Aliyenifundisha ni Ta Leonsi, mzee aliyekuwa amepika kwenye meli zilizotia nanga Kemondo mpaka mgongo ukachakaa. Alinifundisha kupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya ili utomvu usinishike, kufunika ndizi kwa majani ya mgomba na kuziacha zijitegemee, na kutenga chakula cha wenye miguu iliyovimba kabla mkono wangu haujafika kwenye chumvi. Alikuwa na msemo wake: "Kuonja ni kwa kusimama, kula ni kwa kukaa. Anayekula amesimama ni mwizi au ng'ombe." Nilicheka. Nilikuwa bado sijawa mwizi.

Kesi ngumu za mwanzo zilikuwa za mayai. Daktari aliagiza wajawazito wapewe mayai, na kwetu mwanamke aliyekula yai, kuku au senene, wale panzi wetu wa msimu, alionekana amekosa adabu. Wakarudisha mayai yote, safi kabisa, kama yametagwa upya. Nikaanza kuyavunja ndani ya uji na kukoroga kwa nguvu. Wakausifu uji wangu mpaka Kagoma. Sisemi nilifanya vema. Nasema tu kwamba toka zamani nilikuwa mtu wa kuficha mambo ndani ya chakula.

Sasa nifike kwenye tumbo langu, maana ndipo habari yenyewe ilipo.

Mke wangu Paskazia aliondoka na fundi cherehani. Hakunitukana, hakuvunja kitu, alikunja nguo zake vizuri akaenda, na akachukua mwavuli wangu. Ilikuwa masika. Watu walinipa pole kwa sura ya mtu aliyebana kicheko. Mimi nikasema nimeshasahau, nikarudi jikoni, nikaanza kula.

Haikuwa njaa. Njaa naijua, imekaa kwetu miaka mingi. Hiki kilikuwa kitu kingine. Nilikuwa najipenyeza nyuma ya stoo nikiwa nimeshiba, nasimama nakula ndizi za baridi, ukoko wa uji, maharage yaliyobaki, bila hata kujua ladha. Tumbo linasema basi, mkono hausikii. Nilikula kwa kuwa nina huzuni, halafu nikahuzunika kwa kuwa nimekula, na hiyo huzuni ya pili nayo ikadai chakula chake.

Nikanenepa, na wakati wenyewe ukawa mbaya wa kunenepa. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa, kila wiki tunaitwa mkutanoni kufundishwa habari za wanyonyaji. Katibu wa tawi akaja na picha ya mnyonyaji: mtu mfupi, mashavu, tumbo mpaka magotini. Mkutano mzima ukageuka kuniangalia mimi. Nilikuwa na kadi ya chama mfukoni na bepari tumboni. Nikapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, nikatoka, nikaenda kula.

Hapo ndipo alipoletwa Kokusima.

Alikuja amekalishwa kwenye baiskeli, mumewe anaisukuma, mama mkwe wake Ma Justa anafuata nyuma na kikapu. Koku alikuwa mugole. Kwetu bibi harusi akishaingia kwa mumewe huwekwa ndani miezi, halimi, hachoti maji, kazi yake ni kukaa kwenye nyasi safi na kula. Siku ya kutolewa nje anatakiwa ang'ae, watu waseme kwa kina fulani kuna shamba la ndizi. Akitoka mwembamba, aibu ni ya mama mkwe. Sasa huyu Koku alikuwa na miezi minne ndani, na mikono yake ilikuwa kama mpini wa jembe.

Muuguzi wetu mkuu alikuwa Bi Mwanaidi, mtoto wa Bukoba mjini, babu yake mtu wa pwani. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, sisi chetu kimetoka kuanuliwa. Akampima Koku malaria, minyoo, kifua, akatazama kama ana mimba. Hakuna kitu. Daktari aliyekuja mara moja kwa wiki akaandika kwenye karatasi: ale vizuri. Hiyo ndiyo dawa pekee iliyowahi kuandikiwa jiko langu.

Siku ya kwanza nikampelekea ndizi na maharage. Nilivyorudi kuchukua sahani, ilikuwa kama nilivyoiacha. Akanishika mkono wa shati.

"Tata, nisaidie. Sahani isionekane imebaki na kitu."

"Kwa nini?"

"Kule nyumbani mama mkwe anachungulia kila bakuli. Kikibaki kidogo anaita mashangazi. Wanakaa mlangoni kunitazama mdomo. Wakisikia na huku sili, watakuja wakae hapa pia."

"Nikipeleke wapi sasa?"

"Popote. Hamna mbwa?"

Mbwa hatukuwa naye. Nilikuwapo mimi.

Naandika hili mlisome vizuri, maana huko mtaani mmesikia nusu. Niliona namsaidia. Msichana anaomba, chakula kutupwa ni dhambi, na mimi nyuma ya stoo nina shimo lisilojaa. Nikala. Kesho yake nikaitoa tena sahani chini ya aproni, nikala. Asubuhi uji, mchana ndizi, jioni ndizi na dagaa. Sahani zikawa zinarudi tupu, zinang'aa, na Bi Mwanaidi anaandika kwenye karatasi ya kitandani: amekula chote. Siku moja alinisifu mbele ya wenzangu, "Ta Deo ana mkono mzuri, hata asiyekula anakula." Nilitabasamu, na mdomoni nilikuwa bado na dagaa wa huyo asiyekula.

Wiki tatu. Yeye akazidi kukonda, mimi nikabadilisha mkanda. Bi Mwanaidi alikuwa anamweka Koku kwenye mizani, anapiga mizani kofi, anaipanda mwenyewe kuhakikisha kama ni nzima. "Chakula cha huyu mtoto kinakwenda wapi?" Mimi nimesimama pale pale na ndoo ya uji, nimejaa jibu.

Asubuhi moja Koku alianguka akienda kuoga. Hakupiga kelele, alikunjika tu chini kama khanga iliyodondoka kwenye kamba. Midomo ilikuwa ya majivu. Walimrudisha kitandani, na mchana wake Ma Justa akafika na mwanawe na baiskeli.

"Namchukua," akasema.

"Humchukui mtu katika hali hii," Bi Mwanaidi akajibu.

"Nyie wenyewe mmeandika hapa anakula chote. Sijui kusoma, lakini mwanangu amenisomea. Mtu anayekula chote akakauka, huyo amerogwa. Hiyo si kazi ya sindano. Kuna mganga, tunaondoka sasa hivi."

Na hapo, jamani, kwa karatasi ile, Ma Justa alikuwa na haki. Bi Mwanaidi aliinamisha macho kwenye maandishi yake mwenyewe akayasoma upya kuanzia juu. Mwanaume akaanza kumwinua mkewe. Nilijua akipanda baiskeli ile, hafiki kwa mganga, au akifika haondoki.

"Hakula," nikasema.

"Nani kasema?"

"Mimi. Nilikula mimi."

Wodi nzima ikageuza shingo. Hata aliyekuwa anakohoa aliahirisha.

Ma Justa akanisogelea. "Chote?"

"Chote, waitu."

"Hata maharage?"

"Hata maharage."

"Tangu lini?" Bi Mwanaidi akauliza, polepole.

"Tangu siku ya kwanza."

Ma Justa akapiga kiganja juu ya kiganja. "Watu wa Mungu! Nimeleta mkwe wangu anenepeshwe, wamenenepesha mpishi!"

Kicheko kilianzia kitanda cha mlangoni kikaenda mpaka mwisho. Sikulaumu mtu. Mimi nilikuwa naangalia Koku, na Koku alikuwa amejifunika uso, nikajua nimemwokoa na kumsaliti kwa sentensi moja.

Bi Mwanaidi alimwambia Ma Justa: kumbe si uchawi, ni njaa, na njaa hii tuliisababisha sisi nusu, tupe nafasi tuirekebishe. Ma Justa akafikiri. Akasema, "Nawapa mpaka senene waanguke. Wasipomkuta na nyama, namchukua." Akageuka kwangu. "Na wewe nitakuchungulia mdomo."

Halafu mimi nikaitwa stoo. Nilijua ni kufukuzwa, hata aproni nilishaivua. Bi Mwanaidi akafunga mlango.

"Ulikuwa na njaa, Ta Deo?"

"Hapana."

"Basi nini?"

Nikamwambia. Paskazia, mwavuli, ukoko, picha ya katibu. Nilidhani nitasimulia kiume, nikajikuta nalia kwenye gunia la unga. Yeye alisimama tu, hakunishika bega wala nini, pole zake zilikuwa za mdomo tu na chache.

"Ufunguo wa stoo nipe," akasema mwishowe. "Hutaushika tena mpaka nitakapoona. Kesho asubuhi utawaomba radhi wafanyakazi wote, kwa sauti. Na kazi ya upishi unaendelea nayo. Mimi ugonjwa huu sijui jina lake, wala sina dawa yake. Ninachojua nina wagonjwa wawili na sufuria moja."

Utaratibu wake ulikuwa huu. Mkeka nyuma ya jiko. Mara tatu kwa siku, mimi na Koku, kila mtu na sahani yake, tumekaa. Sahani ya mwenzako huitazami. Habari ya mwili wa mtu haizungumzwi, si unene, si wembamba. Ukimaliza usimame, ukishindwa useme umeshindwa, sahani irudi mchana kweupe na kilichobaki kikiwa juu yake. Na Koku akaanza na uji mwepesi, kidogo kidogo, maana Bi Mwanaidi alisema tumbo lililofungwa muda mrefu ukilivamia linaweza kumuua mtu. Hilo lishikeni, ndilo la maana kuliko yote niliyoandika. Mwenye njaa ya muda mrefu hapakuliwi kama mvuna kahawa, na asipakuliwe kabla muuguzi hajasema.

Siku za kwanza zilikuwa za taabu. Koku ananyanyua kijiko, jasho linamtoka kama anainua jiwe. Mimi nimeshamaliza zamani, nimekaa na sahani tupu, vidole vinatafuta kazi. Siku ya nne au ya tano ndipo akasema bila kunitazama:

"Ta Deo, unakula kama unafukuzwa."

"Na wewe unakula kama ndizi zina meno."

Akavuta pumzi, nikadhani nimemuudhi. Kumbe alikuwa anajizuia kucheka.

Baadaye aliniambia yake. Alikuwa amemaliza darasa la saba, ametaka ualimu, hata barua alishaandika. Baba yake akapokea watu wa posa na pombe yao, na barua haikwenda. "Wakaamua naolewa na nani, nakaa wapi, natoka nje siku gani. Nikaona mdomo ndio uliobaki wangu, nikaufunga. Ulikuwa ushindi, Ta Deo, nakwambia kweli. Nilikuwa nasikia raha. Halafu siku nilipotaka kuufungua, ukagoma. Ukawa si wangu tena."

Nikamwambia, "Wangu uligoma kufungika." Nikamsimulia habari ya fundi cherehani. Nilipofika kwenye mwavuli alicheka mpaka akamwaga uji. Tuliujaza upya, akaunywa.

Msidhani ikawa moja kwa moja. Kuna siku alikula akaenda kujitapisha kwenye migomba, akarudi anafuta mdomo kama mwizi. Kuna siku ya sikukuu mimi nilikutwa mkono umezama kwenye sufuria ya wali mpaka kwenye kiwiko. Nilisubiri matusi. Bi Mwanaidi alitutazama, yeye siku ile na mimi siku hii, akasema maneno yale yale: "Kesho asubuhi kuna uji." Basi. Akaenda zake. Nilifikiri anadharau. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu akianguka leo, jambo la kwanza analokosa ni ile kesho. Anaona kila kitu kimeshaharibika, bora amalizie. Yule mwanamke alikuwa anaturudishia kesho yetu kila siku, tena bila kelele.

Mimi nilipata na dawa yangu ya kienyeji. Mkono ukianza kwenda kwenye sufuria, nauuliza: hii ni njaa, au ni Paskazia? Mara nyingi alikuwa Paskazia. Basi natoka, napasua kuni, au namwendea mtu namwambia, "Leo huyu mwanamke kaja tena." Hapo ndipo tulipopata kuni nyingi kuliko kituo chochote mkoani. Kuna siku ilikuwa njaa kweli. Siku hizo nilikaa nikala.

Koku akaanza kukaa nami kumenya. Akaona ubao wangu wa chakula, nilikuwa naandika nilivyofundishwa kwenye kisomo, akauvumilia kwa adabu siku mbili, ya tatu akachukua chaki akausahihisha wote. Hakuacha tena.

Senene walianguka. Asubuhi ile watu walikuwa nje na makopo, na Ma Justa akaja na mwanawe, kikapu kichwani. Akaweka kikapu chini, akamzunguka mkwe wake kama anayenunua ng'ombe. Bi Mwanaidi alikuwa na karatasi yake mkononi, safari hii haina uongo. Mizani ilikuwa imepanda. Si sana. Mashavu yalikuwa bado hayajaamini.

"Bado mwembamba," Ma Justa akasema.

"Ndiyo, mama," Koku akajibu. Akajifunga khanga upya kiunoni. "Nitarudi nyumbani. Lakini ndani sikai tena. Nitapika na wengine, nitajipakulia mwenyewe, na bakuli langu lisichunguliwe."

Mumewe akatazama chini. Ma Justa akatoa amwani, zile kahawa zetu za kutafuna, akaweka moja mdomoni, akaitafuna muda mrefu kuliko kahawa yenyewe inavyostahili.

"Na majirani wakisema kwangu hakuna ndizi?"

"Waje wale, waone."

"Huyu ana mdomo," Ma Justa akamwambia Bi Mwanaidi.

"Afadhali. Mlipomleta ulikuwa haufunguki."

Ma Justa akatema ganda la kahawa. Halafu akasema, si kwa Koku, kama anaongea na ukuta, "Mimi nilipokuwa mugole nililisha mbuzi. Kulikuwa na ufa nyuma ya kitanda. Kila bakuli, nusu mbuzi." Akajifuta mdomo. "Akanenepa yule mbuzi, ajabu. Wakamchinja siku ya kunitoa nje. Watu wakasema, tazama, kwa kina fulani hata mbuzi wameshiba."

Aliyeanza kucheka ni Koku. Kisha mwenyewe Ma Justa, kicheko kilichokaa miaka thelathini bila kutoka. Mume wa Koku hakuelewa kitu mpaka leo, nadhani.

Koku alirudi kwa mumewe, na baadaye akawa mwalimu wa kisomo kwenye kijiji cha ujamaa, akafundisha watu wazima kusoma, Ma Justa akiwa wa kwanza. Haikuisha kabisa. Alipofiwa na mtoto wake wa pili mdomo uligoma tena, akaja mwenyewe kwa miguu, akakaa mkekani wiki nzima, akaondoka anakula. Watu wa namna yetu hatuponi kama kidonda. Tunapona kama paa la nyasi, kila baada ya muda unapanda kulitengeneza.

Ila siku ile ya senene, walipoondoka, nilirudi jikoni nikapakua chakula cha mchana kwa mazoea. Nilipokaa mkekani nikaona nimepakua sahani mbili. Nikala yangu polepole, nikamaliza. Ya pili ikabaki pale inatoa moshi, ndizi na maharage, kwa kipimo chake, na nyuma ya jiko hapakuwa na mtu hata mmoja. Nilikaa naitazama muda mrefu. Shimo lilikuwepo, pana kuliko siku aliyoondoka Paskazia.

Nikaichukua, nikapita nayo katikati ya wodi mchana kweupe, kila mgonjwa akinitazama, nikaiweka mbele ya Bi Mwanaidi juu ya karatasi zake.

"Nini hii?"

"Koku kaondoka. Nimepakua mbili."

Akaniangalia usoni, akasogeza karatasi, akaonja.

"Chumvi imezidi."

"Kula tu, dada," nikamwambia, nikavuta kiti nikakaa.